Chumvi Niliyoitoa Kwenye Begi la Papa

Mafuta ya kupaka buti yana harufu ambayo siivumilii hata leo. Si mbaya, wengine huipenda: nta, ngozi iliyolowa, na kitu kikali kidogo kinachopanda puani. Juzi tulikuwa dukani na mume wangu, muuzaji akafungua kikopo ili atuonyeshe namna ya kutunza ngozi, nami nikajikuta nimetoka nje, nimesimama barabarani kwenye baridi, napumua kwa mdomo. Mume wangu alidhani nina mimba. Nikamwambia hapana, ni Papa tu. Papa alifariki miaka miwili iliyopita, kwa hiyo hakuuliza zaidi. Nami ningemweleza nini? Kwamba nilipokuwa na miaka tisa nilimwibia mwindaji chumvi, na nusura nivunje nyumba yetu?

Tulikaa Anderlecht, Bruseli, ghorofa ya saba, kwenye yale majengo ambayo lifti ikifika inakohoa kwanza kabla ya kufungua mlango. Tulikuwa watatu: Papa, Mama na mimi. Papa alifanya kazi kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa, akitembea kutwa nzima kwenye baridi ya mashine, na jioni alirudi na vidole vyeupe kwenye ncha. Kwao ni Likasi, kule Katanga, na baba yake alikuwa mwindaji wa kweli, mtu wa kwenda porini wiki mbili na kurudi na nyama iliyokaushwa. Papa alikulia kwenye mambo hayo. Huku Ulaya hakuwa na cha kuwinda ila nafasi ya kuegesha gari.

Lakini damu ni damu. Alisomea mtihani wa uwindaji kwa Kifaransa, akaanguka, akausomea tena, akaanguka, na mara ya tatu akapita. Tangu siku hiyo mlango wa friji yetu ulikuwa na picha ya mnyama ambaye mimi nilimwogopa hata akiwa karatasi. Papa alimwita élan. Ni wa ukoo wa paa, ila ni mrefu kuliko farasi, pua imening'inia, na pembe zake ni pana kama mabeleshi mawili yaliyoelekezwa mbinguni. Anaishi kaskazini kabisa, Uswidi, kwenye misitu ambako unaweza kukodi kipande chako na kibanda cha mbao. Wenye pesa wanachukua mtu wa kuwaongoza. Papa alichagua namna ile nyingine: unapewa ramani, ufunguo wa kibanda na bunduki ya kukodi, kisha mwenye msitu anakuaga na kwenda zake.

Siku alipotangaza safari tulikuwa mezani. Mama aliweka kijiko chini.

“Na mama yangu?” aliuliza.

Bibi yangu alikuwa mgonjwa Likasi, na Mama alikuwa amehesabu kwamba likizo ya mwaka ule ingekuwa ya kwenda kumwona. Likizo yenyewe ilikuwa moja tu.

“Mwaka inayokuya,” Papa alisema. “Promis, Mama Dorcas. Mwaka inayokuya tunaenda shiye yote.”

“Mama yangu si mgonjwa wa mwaka inayokuya. Eko mgonjwa wa leo.”

Nilisubiri waendelee, kwa sababu kwetu ugomvi ulikuwa na desturi ya kuendelea. Lakini kesho yake Papa alisukuma meza ya sebuleni ukutani, akatandika shuka la bluu sakafuni, akaanza kupanga vitu vyake vya safari. Na tangu shuka lile lilipotandikwa, Mama hakusema neno tena juu ya jambo hilo. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikaa siku zile nikiusubiri huo mshindo, kila mlango ukifungwa nashtuka.

Papa alipanga kama mtu anayeswali. Kwanza vitu vya mwilini: soksi za sufu jozi nne, fulana za ndani, suruali isiyopitisha maji, koti la rangi ya machungwa ili mwindaji mwingine asimdhanie mnyama. Kisha vya moto: viberiti kwenye mfuko wa plastiki, jiko dogo la gesi, sufuria iliyoingia ndani ya sufuria. Kisha vya kukatia: visu viwili, jiwe la kunolea, msumeno mdogo wa mifupa ambao ulinifanya nisiingie sebuleni bila soksi, sijui kwa nini, kama kwamba ungeng'ata miguu mitupu. Kisha mifuko mikubwa ya kitambaa cheupe ya kubebea nyama, imekunjwa vizuri kama mashuka ya hospitali. Na pembeni kabisa, peke yake, filimbi, dira, tochi mbili za kuvaa kichwani, ramani ndani ya plastiki, dawa za vidonda, na blanketi jembamba linalong'aa.

“Na hii ni nini?” nilimwuliza.

“Hii ni bintu ya kukataa kufa,” alisema, akipaka buti mafuta.

Alisema kama utani. Kwangu haikuwa utani. Kama kuna vitu vya kukataa kufa, basi kufa kwenyewe kulikuwa huko kunamsubiri, na baba yangu alikuwa anakwenda kukabiliana nako kwa filimbi.

Sheria za shuka zilikuwa nyingi. Hakuna kuliruka: ukitaka kufika dirishani, unazunguka. Hakuna kupaza sauti karibu nalo. Mama haruhusiwi kugusa kitu chochote juu yake, hata kukunja soksi. Na usiku wa kwanza Papa akatoa godoro la wageni, akalala sebuleni kando ya vitu vyake.

Hapo ndipo akili yangu ya miaka tisa ilipofunga hesabu. Darasani nilikaa na msichana ambaye wazazi wake walikuwa wameachana, na yeye alinieleza hatua zote kwa ufundi wa mtu aliyepitia. Kwanza baba analala sebuleni. Kisha nyumba inakuwa kimya, watu wanasema tafadhali na asante. Kisha baba anafunga begi. Kisha unaishi wiki moja kwa mama na wiki moja kwa baba, na kitabu chako cha hesabu siku zote kiko kwenye ile nyumba nyingine. Alisema mambo haya huku akila biskuti, bila huzuni, na mimi nilimsikiliza nikihesabu kwa vidole, kwa sababu kwetu hatua mbili zilikuwa zimekamilika na ya tatu ilikuwa imetandikwa sebuleni mbele ya macho yangu.

Nilianza kutafuta ushahidi, na mwenye kutafuta hakosi. Mama alimwekea Papa sahani na kurudi jikoni. Papa alisema “merci” kwa sauti ya mgeni. Alimwonyesha Mama droo ya makaratasi ya bima na funguo za stoo ya chini, kimoja baada ya kingine, mimi nikiwa nyuma ya mlango.

“Assurance iko hapa. Ufunguo ya cave iko hapa. Kama ikikuwa sirudi, unaita Tonton Mwamba.”

“Sawa,” Mama alisema.

Sawa! Mtu anakwambia labda hatarudi, unamjibu sawa?

Tonton Mwamba, mjomba wa heshima tu, alikuwa rafiki wa Papa wa kazini. Safari ile ilikuwa yao wawili, lakini Tonton aliumia mgongo akibeba makasha, kwa hiyo alikuja akitembea kama mtu aliyemeza ubao, kumletea Papa begi lake la kulalia, lililokuwa zito na zuri kuliko la Papa. Alizunguka shuka bila kuambiwa. Alikuwa mtu wa Katanga, alijua.

“Ndugu yangu, bado unaenda?” aliuliza.

“Niko naenda.”

“Peke yako? Kule hakuna guide, hakuna bantu. Ni weye na miti. Ukianguka, miti njo itakuokota.”

“Siwezi kuanguka.”

“Bon. Miye pia nilisema vile vile ku kazi.” Akacheka, akajishika mgongo, akaacha kucheka.

Jumatatu Papa alianza kupima. Alisimama kwenye mizani ya bafuni akiwa na begi mgongoni, kisha bila begi, akatoa hesabu, akatikisa kichwa. Likawa zito mno kwa mtu mmoja. Basi akaanza kupunguza. Akatoa kisu kimoja. Akatoa sufuria ya nje. Akakata mpini wa mswaki kwa ule msumeno wa mifupa. Mimi nilikuwa nimemchomekea dubu wangu wa kitambaa kwenye mfuko wa pembeni, kwa siri, ili awe na mtu wa kulala naye. Akamkuta.

“Huyu abakie,” akasema, akanirudishia bila hata kunitazama vizuri, macho yakiwa kwenye begi.

Nililia chooni, bomba likiwa wazi. Niliona sasa kwamba hataki kubeba chochote chetu. Na nilipotoka, ndipo nilipokiona kile kifurushi. Kilikuwa juu ya begi, katikati, mahali pa heshima: kitambaa cha kitenge cha zamani cha Mama, chenye maua ya kijani, kimefungwa fundo. Ukubwa wa yai la kuku. Nilikibonyeza, kikalia kama mchanga. Nikalamba kidole. Chumvi.

Sasa sikilizeni hoja ya mtoto. Papa hakuweza kula bila chumvi. Alitia chumvi kabla ya kuonja, jambo lililomuudhi Mama kila siku ya Mungu. Mtu wa namna hiyo, akifika kwenye nyumba yake mpya na kukuta hana chumvi, atafanya nini? Atarudi. Na akisharudi, nitaziba mlango kwa mwili wangu. Sikufikiri kwamba Uswidi nako kuna maduka. Pia nilikuwa na hasira, naomba niseme ukweli: dubu wangu amekataliwa, lakini chumvi imepata nafasi. Usiku ule, Papa akiwa bafuni, nilinyoosha mkono juu ya shuka bila kuliruka, kwa sababu hata mwizi ana dini yake, nikakitoa kifurushi kwenye begi na kukisukuma ndani ya kikebe changu cha penseli.

Aliondoka Jumatano asubuhi. Nilikuwa mezani nakula mkate kabla ya shule. Alivaa buti zake, akabeba begi, akapita nyuma ya kiti changu, akafungua mlango, akatoka. Hakuniaga. Hakumgusa Mama, ambaye alikuwa anafuta sinki lililokuwa safi tayari. Tukasikia lifti ikikohoa. Nilikimbilia dirishani nikaona gari lake la mizigo la kijivu likikunja kona, na taa ya nyuma upande mmoja haiwaki.

Nilipiga kelele. Mama alishtuka hadi akaangusha kitambaa.

“Mutoto! Unalia nini?”

“Papa anaenda kukaa fasi ingine!”

“Fasi gani?”

“Mumeachana! Alilala chini, na hamusemi, na hakunisalimia!”

Mama akacheka, akakaa kwenye kiti cha Papa na kunivuta kifuani. Alinukia sabuni ya vyombo. Akaniambia taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya metro, kwamba hivyo ndivyo wawindaji wa kwao walivyofanya tangu zamani. Mwindaji analala peke yake siku tatu kabla ya safari. Nyumba haigombani, kwa sababu maneno mabaya yanamfuata porini na kumwonyesha mnyama pale mwindaji alipo. Na akitoka haagi, maana anayeaga ni anayekwenda moja kwa moja.

“Hata telefone hapigake,” alisema. “Akifika, anafungua chumvi.”

“Chumvi gani?”

“Ile bibi, muke ya mwindaji, anafungaka na mikono yake. Njo kintu kimoja tu bibi anatia mu sac. Bwana akifika mu pori, mbele ya kila kitu, anafungua, analamba. Njo anajua ku nyumba kuko salama, bibi anamungoja.”

Kikebe cha penseli kilikuwa kwenye begi langu la shule, miguuni kwangu. Nilihisi kama kimepata moto.

“Na kama hakuna chumvi?”

Mama aliinuka kuchukua koti langu. “Kama hakuna, ni kusema bibi amefunga mulango. Pale mwanaume haingie mu pori. Ataingia na nini? Haya, utachelewa ku masomo.”

Mngefikiri ningemwambia papo hapo. Mimi pia, sasa, nafikiri hivyo. Lakini nilivaa koti. Mama alikuwa amecheka dakika ile ile, kicheko cha kwanza tangu shuka litandikwe, na mimi sikuthubutu kukifuta. Nilisema nitamwambia jioni. Jioni nikasema kesho. Majuto ni mjukuu, lakini yangu hayakungoja kuzaliwa mara mbili, yalikuja siku ile ile na kukaa nami kitandani.

Siku tisa nilitembea na chumvi ile. Niliipeleka shule na kuirudisha, kwa kuogopa Mama angeiona akifagia. Kila nilipofungua kikebe kutafuta kifutio, maua yale ya kijani yalinitazama. Nilimwona Papa amekaa kwenye kibanda, ametoa soksi, ametoa visu, ametoa filimbi, anapapasa chini ya begi. Siku ya tatu nilichukua simu ya Mama akiwa bafuni, nikampigia. Sauti ya mwanamke ilisema maneno ya lugha ngeni, kwa upole sana, kisha simu ikakatika. Nilifuta namba, nikairudisha simu palepale ilipokuwa.

Mama yeye alikuwa ametulia. Aliimba akipika. Alimpigia simu bibi Likasi na kumwambia mkwe wake yuko porini kama wanaume, na nilisikia fahari kwenye sauti yake, au nilidhani ni fahari. Utulivu wake ulinitesa kuliko kama angelia. Alikuwa anamngoja mtu ambaye, kwa kazi ya mkono wangu, alijua kwamba hangojewi.

Papa alikuwa amesema siku kumi. Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Mama alipika fufu na samaki, akaweka sahani tatu, na alipomaliza kula akaifunika ile ya tatu kwa sahani nyingine. Jumamosi asubuhi ilikuwa bado imefunikwa. Alasiri akampigia Tonton Mwamba, nami nikasikia sauti ya Tonton ikitoka kwenye simu, “Atakuya, maman, barabara ni murefu,” lakini alisema haraka mno. Mama akaweka simu, akasimama dirishani, akasema kwa sauti ndogo, si kwangu, “Lakini nilifunga muzuri.”

Nilitapika jioni ile. Mama alidhani ni samaki.

Jumapili tulikuwa tumerudi kutoka kanisani, bado tumevaa nguo nzuri, mchana kweupe. Kengele ya chini ikalia. Mama akashika simu ya mlangoni, ile ambayo watu wote wa Bruseli wanaiita parlofoni.

“Nani?”

Tulisikia gari likipita huko chini.

“Ni miye.”

“Miye nani?”

“Papa Dorcas.”

Mama aliuondoa mkono wa simu sikioni, akautazama, akaurudisha. “Na ufunguo yako?”

“Niko nayo.”

Mtu ana ufunguo wa nyumba yake mfukoni na anapiga kengele kama mleta barua. Mama akabonyeza kitufe. Lifti ikaanza kupanda, nami nilijua kwamba nina ghorofa saba tu za kubaki mtoto wa nyumba ile.

Alisimama kwenye mkeka wa mlangoni, nje. Ndevu zilikuwa zimeota, nyingine nyeupe, sikujua kwamba baba yangu ana ndevu nyeupe. Begi lilikuwa bado mgongoni na hakulitua.

“Unangoja nini?” Mama aliuliza.

“Chumvi, sikuikuta, Mama Dorcas.”

“Nilifunga na hizi mikono.”

“Nilitoa bintu yote mu sac, kimoja kimoja. Mara tatu. Sikuikuta.”

“Donc miye ni mwongo?”

“Sisemi vile.”

“Unasema vile.”

Walitazamana juu ya kizingiti, na niliona jinsi uso wa Mama ulivyokuwa unafungwa, pole pole, na wa Papa ulikuwa umeshafungwa tangu zamani. Kila mmoja alikuwa anasema kweli na kila mmoja alikuwa anamwona mwenzake anadanganya. Sekunde chache zaidi na mmoja wao angesema neno lisilozoleka.

“Ni miye,” nilisema. “Ni miye nilitoa.”

Papa aliinama kunitazama, na begi likamvuta mbele hadi akashika ukuta.

“Juu ya nini?”

“Nilizania unaenda fasi ingine. Nikasema, bila chumvi, utarudia.”

Nilingoja kofi. Papa alifunika macho kwa kiganja, na mabega yakaanza kutikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Nadhani hata yeye hakujua. Mama hakunigeukia. Alikuwa anamtazama mumewe, suruali iliyokunjamana, mstari wa mto wa kulalia shavuni.

“Ulifika lini?” aliuliza.

Papa alivuta mkanda wa begi begani.

“Papa Dorcas. Ulifika lini?”

“Vendredi.”

“Ulilala wapi?”

“Mu camionnette. Ku parking ya kazi.”

Maegesho ya ghala lao yalikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Ijumaa, huku samaki anapoa mezani, alikuwa dakika kumi. Alikuwa amefika siku ile ile aliyoahidi, akazima gari, na kukaa humo siku mbili.

“Ulikuwa unafanya nini mule?”

“Natafuta maneno,” Papa alisema.

“Ingia,” Mama alisema. “Bajirani banaona.”

Akaingia. Akala sahani mbili bila kuongeza chumvi, nami niliogopa kuliko kama angeongeza. Huku akila alitusimulia, kidogo kidogo. Siku zote kule hakugusa bunduki. Alichota maji, akachanja kuni, akakaa kwenye ngazi ya kibanda. Asubuhi ya nne élan alitoka msituni akaingia ziwani hadi magotini, akanywa, akainua kichwa, na wakaangaliana. “Nilimusalimia tu,” Papa alisema. Kisha yule mnyama akaondoka bila haraka, kama mtu aliyemaliza shughuli zake.

Sikuadhibiwa. Kwa miaka mingi hadithi ile ilikuwa ya kuchekesha wageni: Tonton Mwamba aliisimulia kwenye kila ubatizo, akiongeza vitu, hadi élan akawa wanne. Papa hakwenda kuwinda tena. Mwaka uliofuata tulikwenda Likasi sote watatu, tukamkuta bibi yuko hai na mkali. Nami nilijiwekea moyoni kwamba nilikuwa mtoto mjinga aliyesoma vibaya mambo ya wakubwa, mwisho mwema, tumshukuru Mungu.

Lakini nilipoolewa nilianza kujiuliza. Mtu wa namna gani anakosa kifurushi kidogo kwenye begi la kilo nyingi na asiseme kimeanguka, kimesahaulika, panya wamekula? Papa alikuwa mtu wa kutafuta kitu mara kumi. Kwa nini hili aliliamini upesi hivyo, hadi akaogopa mlango wake mwenyewe?

Mwaka jana nilimwuliza Mama. Tulikuwa jikoni kwake, tunachambua sombe, majani ya muhogo, na Papa alikuwa ameshakufa, kwa hiyo hapakuwa na wa kumlinda. Hakuinua macho.

“Aliniona,” alisema.

“Alikuona wapi?”

“Siku ya kufunga. Nilikuwa na ile chumvi mu mikono, pale pale unakaa. Nilitia maji ya chai ku moto. Nikakaa na chumvi. Nikawaza mama yangu kule Likasi, na huyu anaenda kuangalia banyama. Na kusema siwezi, sababu shuka iko chini. Nilikaa vile mpaka maji yote ikaisha, sufuria ikaanza kuungua. Nikageuka, eko ku mulango. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Hakusema kintu. Akarudia ku salon.”

Mikono yangu ilikuwa imesimama juu ya majani. Miaka yote ile. Alikwenda Uswidi akiwa na jambo hilo kifuani, akafungua begi kwenye kibanda, na akakuta alichokuwa anaogopa kukikuta. Mimi sikuwa nimesoma vibaya sana.

“Kwa hiyo hukutaka kufunga.”

“Sikutaka.”

“Sasa kwa nini ulifunga?”

Mama aliokota jani lililooza, akalitupa kando, akachagua jingine.

“Niliwaza, kama sifungi, atabaki? Nikaona hatabaki, ataenda tu. Na kule banasema kuna baridi.” Alifuta mikono kwenye kitenge chake. “Muntu haendake mu baridi vile bila muntu.”